Msumeno mdogo wa mviringo: nibaki na wa waya au nihamie wa betri? Waya umenichosha

#1 Randa Butu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mnisaidie jambo ambalo limeshaniharibia wikiendi mbili.

Nina msumeno mdogo wa mviringo wa waya, ule mwembamba unaoshikika kwa mkono mmoja, bledi ya inchi nne na nusu, yaani milimita 115. Niko nao mwaka wa tatu. Mimi si fundi wa kulipwa. Natengeneza rafu, makabati, vitu vya nyumbani tu, ila nikishaanza huwa sisikii nikiitwa.

Jumamosi nimeukata waya wake. Kwa msumeno huohuo. Nilikuwa napasua plaiwudi ya milimita 18, bodi nimeilaza sakafuni juu ya vipande vya mbao ili bledi ipate pa kupita, waya ukajipenyeza chini ya bodi nisiuone. Mlio mmoja mkali, cheche, chumba kizima giza. Jino moja la bledi limeyeyuka ncha. Na hii ni mara ya pili! Ile ya kwanza nilisema ni bahati mbaya, sasa visingizio vimeniishia.

Hata siku usipokatwa, waya ni kero tu. Uko katikati ya mstari, plagi inanasa kwenye kona ya bodi, msumeno unavutwa nyuma, unasimama, ukianza tena mstari una kigongo. Halafu nguvu nayo haitoshi. Kwenye hiyo plaiwudi unalia, unazama, harufu ya kuungua inapanda na ukingo unatoka mweusi kama umepitishiwa pasi ya moto.

Nina drili ya volti 18 na betri zake mbili za Ah 2 (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Nafikiria kuchukua msumeno wa betri wa familia hiyohiyo, huu wa waya niuweke kabatini. Ila kuna jamaa ananiambia msumeno wa betri ni wa kuchezea watoto. Wenye uzoefu nisaidieni. Nawasilisha.

#2 Mbao Kavu

Chukua wa betri mkuu, utakuja kunishukuru. Waya ni mambo ya kale.

#3 Mzee wa Jiriwa

Kijana, usinunue kitu leo. Nijibu kwanza haya matatu:

Bledi ina meno mangapi na imekaa humo tangu lini?
Ekstensheni ina urefu gani, na waya wake mnene kiasi gani?
Ukikata unaweka kina gani?

#4 Randa Butu

Shikamoo mzee. Bledi ni ileile iliyokuja na msumeno, meno 24. Sijawahi kuibadilisha. Ekstensheni ni ya mita 30, ya kuzungushia kwenye roda, waya wake mwembamba kidogo, kama 0.75 hivi. Kina huwa naachia mpaka mwisho, nisihangaike kurekebisha kila mara.

#5 Kaboni Imeisha

Miaka mitatu bledi moja?? 😂 Mkuu wewe hukati, unasugua.

#6 Mbao Kavu

Tatizo hilo hapo, ekstensheni. Mita 30 za waya mwembamba, umeme unafika umechoka. Ndiyo maana nasema betri.

#7 Mzee wa Jiriwa

Marahaba. Tuanze na ekstensheni maana imeshasingiziwa.

Mita 30 kwenda na 30 kurudi ni mita 60 za shaba. Kwa unene wa milimita mraba 0.75, ukinzani wake ni kama ohm 1.4. Msumeno mdogo kama wako unakula wati 600 hivi. Kwenye umeme wa volti 230 hiyo ni ampea 2.6, kwa hiyo unapoteza volti tatu na nusu njiani. Hazifiki hata asilimia mbili. Mota haiwezi kulia kwa sababu hiyo. Kwa watu wa umeme wa volti 120 wenye msumeno mkubwa wa wati 1200, hadithi ni nyingine kabisa: pale ni ampea 10, volti 14 zinapotea, na nguvu ya mota inashuka kwa kasi kuliko volti zenyewe. Huko ndiko ekstensheni nyembamba inaunguza mashine za watu. Kwako kosa lake ni moja tu: kama unakata huku imezungushwa kwenye roda, joto halina pa kutokea. Ifungue yote kabla ya kazi.

Mkosaji wako ni bledi. Jino la kabaidi (ile ncha ngumu iliyobandikwa kwenye meno ya bledi) likiisha makali haliachi kukata, na hapo ndipo linapodanganya watu. Linaendelea, ila linakata kwa kusukuma na joto. Ukingo mweusi ni utomvu na gundi ya plaiwudi imepikwa. Ile harufu ilikuwa inakwambia muda mrefu. Na sasa hivi jino moja limeyeyuka kwa umeme, hiyo bledi tupa leo leo, usiifanye hata ya kukatia kuni.

Kuna kosa la tatu, kina. Ukiachia bledi yote chini, sehemu kubwa zaidi ya ubapa wa bledi inakaa ndani ya mbao na kusuguana nayo, teke (msumeno kukurudia ghafla) linakuwa kali, na chochote kilichopo chini ya bodi kinaliwa, ukiwemo waya. Weka meno yatokeze chini ya bodi milimita tatu mpaka sita, basi. Ungefanya hivyo Jumamosi, pengine waya ungepona.

Nunua bledi ya kabaidi ya meno 40, nyembamba, tundu la katikati lilingane na shafti yako. Kata plaiwudi ileile. Kisha rudi hapa tuongee mambo ya betri.

#8 Randa Butu

Nimekuelewa mzee, na nimeumbuka kidogo. Naagiza bledi kesho.

#9 Seli Kumi

Wakati anasubiri bledi, mimi niongelee upande wa betri kwa sababu naona #2 na yule jamaa wa "kuchezea watoto" wote wanavuta kamba moja bila kuangalia imefungwa wapi. Nafungua na kutengeneza betri za vifaa hivi, nimeshaona matumbo yake ya kutosha.

Betri ya volti 18 ndani yake ina seli tano zimepangwa mstari mmoja, kila moja volti 3.6. Tano mara 3.6 ni 18. Ile inayoandikwa "volti 20" ni kitu kilekile, wamehesabu volti 4 za seli iliyojaa badala ya 3.6 za kawaida. Usilipie volti mbili za kwenye stika.

Betri yako ya Ah 2 ina seli tano tu. Ya Ah 5 mara nyingi ina kumi, zimepangwa mbilimbili. Kwenye drili huoni tofauti zaidi ya muda. Kwenye msumeno unaiona sekunde ya kwanza. Msumeno ukila mbao ngumu unavuta wati 600, gawanya kwa 18 unapata ampea 33. Kwenye betri ya Ah 2 hizo 33 zote zinapita katika kila seli. Kwenye ile ya seli kumi, kila seli inabeba 16 au 17. Seli ikibebeshwa mzigo mkubwa volti zake zinazama, joto linapanda, sakiti ya ulinzi inasema basi. Msumeno unazima katikati ya bodi. Mwenye nao anaenda kusema misumeno ya betri ni midoli, kumbe alikuwa anaendesha lori kwa tangi la pikipiki.

Upande wa muda, hesabu ni rahisi. Volti 18 mara Ah 5 ni wati-saa 90. Kwa wati 600 hizo ni dakika tisa. Mtu akisikia dakika tisa anacheka. Lakini ni dakika tisa za meno yakiwa ndani ya mbao, si za kupima, kuchora, kufunga klempu na kutafuta penseli iliyoko sikioni. Kukata ubao mmoja kwa upana ni sekunde tatu nne. Kwa kazi za namna hiyo betri moja inakupeleka mchana mzima. Kazi ya kupasua bodi kwa urefu, moja baada ya nyingine, betri moja haikufikishi mbali, na chaja itakuwa inakuangalia wewe na wewe unaiangalia.

Halafu tafuta mota isiyo na kaboni (brushless), vile vipande vinavyopitisha umeme kwa kusugua sehemu inayozunguka. Ya kaboni inapoteza sehemu ya umeme kwenye msuguano na cheche. Kwenye msumeno wa waya hilo halikuumi kwa sababu umeme wa ukutani hauishi. Kwenye betri kila wati-saa ni ya kuhesabu.

#10 Kaboni Imeisha

Seli Kumi unanitukana kwa jina au ni bahati mbaya?

#11 Seli Kumi

Bahati mbaya mkuu 😂 ila badilisha tu, zinauzwa mbilimbili.

#12 Dada Vumbi

Naingia hapa kwa sababu kuna kitu wanaume wa uzi huu mnakiruka kila siku. Vumbi.

Nafunga makabati ndani ya nyumba za watu, nyingine zina watu tayari wamehamia. Nina misumeno yote miwili. Wa betri niliununua kwa ajili ya ule uhuru mnaousifia. Siku ya kwanza nikaingia nao jikoni kwa mteja, nikakata paneli mbili za MDF, zile bodi za nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Vumbi la MDF ni kama unga uliochekechwa mara tatu, linakaa hewani, halafu linashuka polepole kwenye kila kitu. Nilifuta lile jiko kwa saa nzima, na mteja amesimama mlangoni kanikunjia mikono.

Tangu siku ile ndani sikati bila mashine ya kufyonza vumbi. Na hapa ndipo kichekesho kilipo: ukishauchomekea msumeno wa betri bomba la kufyonza, umeshafungwa. Bomba ni nene kuliko waya, zito kuliko waya, na linanasa kwenye kona ya bodi vilevile. Mashine ya kufyonza yenyewe ina waya. Uhuru wa betri umeishia mlangoni. Kwa hiyo ndani natumia wa waya, waya wake nimeufunga pamoja na bomba kwa utepe kila baada ya nusu mita, vyote viwili vinapita begani kwangu na kushuka mgongoni. Mleta uzi, hiyo ya kupitisha begani ingekuokoa Jumamosi. Waya ukiwa nyuma ya mgongo hauwezi kuwa mbele ya bledi.

Msije mkasema naogopa vumbi. IARC, lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1 tangu 1995, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani, kundi moja na moshi wa sigara. Vaa barakoa ya kueleweka hata ukikata nje.

Wa betri natembea nao nje, darini, kwenye ngazi, kufupisha ubao ambao umeshafungwa ukutani. Huko ndiko kwake, na huko siupi mwingine.

#13 Mbao Kavu

Dada umeongea. Mimi kazi zangu zote ni za mapaa, labda ndiyo maana siuoni umuhimu wa waya. Juu ya paa waya ni wa kukuangusha.

#14 Mzee wa Jiriwa

Sasa umesema kitu cha maana, Mbao Kavu. Ungeanza nacho kwenye #2.

#15 Pembe Arobaini na Tano

Samahani kuuvamia uzi, lakini kabla ya waya na betri, mleta uzi anajua anafananisha nini na nini? Wake ni milimita 115. Misumeno ya betri inayoitwa midogo mingi ni milimita 165, ipo pia ya 136 na 140. Huo si mnyama mmoja.

Ya 115 inakata kina cha milimita 43 hivi ikisimama wima. Ukiilaza pembe ya 45 inabaki kama 28. Ile mbao inayoitwa mbili kwa nne, ikisharandwa unene wake ni milimita 38. Maana yake kwa pembe ya 45 msumeno wako hauimalizi kwa mkupuo mmoja, uwe wa waya au wa betri. Ya 165 inakata kama 57 wima na karibu 40 kwa pembe, hapo unamaliza. Ndiyo sababu watu wengi wakihamia betri wanasifia betri, wakati kilichowasaidia ni bledi kubwa.

Gharama yake ni uzito. Wa 165 na betri ya Ah 5 unakaribia kilo tatu na nusu, au unazidi. Huo wako mwembamba hata mbili na nusu sidhani kama unafika. Shika vyote viwili dukani, nyoosha mkono, hesabu mpaka thelathini.

Tundu la bledi pia. Za 115 nyingi ni milimita 9.5 au 10, za 165 mara nyingi ni 20 au 15.88. Usije ukaweka ya 10 kwenye shafti ya 9.5 ukasema nusu milimita si kitu. Inakaa upande, inatetema, na ile kelele si ya kawaida.

#16 Randa Butu

MREJESHO.

Bledi imefika, meno 40. Nimefungua ya zamani, nikaziweka mbili mezani sambamba. Ya zamani pembeni ya meno kuna utando wa kahawia mgumu kama asali iliyoganda, nikikwangua kwa kucha hautoki. Nimepitisha kidole kwa tahadhari kwenye ncha za meno: ya zamani inateleza, mpya inashika ngozi.

Nimeunga waya wa msumeno upya (kwa fundi umeme, msinipigie kelele), ekstensheni nimeifungua yote, kina nimeweka milimita tano chini ya bodi, waya nimepitisha begani kama Dada Vumbi alivyosema. Plaiwudi ileile, milimita 18, nimeanzia palepale nilipokatia waya.

Wakuu, msumeno haukulia. Sauti ilibadilika kidogo tu ulipoingia, kisha ikatulia. Vumbi lililokuwa linatoka kama majivu ya kahawia sasa linatoka jeupe, la chembechembe, linadondoka badala ya kupeperuka. Ukingo hauna weusi. Nimeupitisha shavuni, hauna hata joto la maana. Nimecheka peke yangu chumbani kama mwehu.

Ila upande wa juu umechanika nyuzi nyuzi. Huko chini ni safi kabisa. Kwa nini?

#17 Mzee wa Jiriwa

Hongera. Msumeno wa mviringo wa mkononi unakata kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo meno yanatokea upande wa juu na kuunyanyua utando wa mbao. Uso mzuri wa bodi ulaze chini siku zote. Kama pande zote mbili zitaonekana, chora mstari kwa kisu kikali badala ya penseli, bandika utepe wa karatasi juu yake, ndipo ukate.

#18 Mbao Kavu

Kwa hiyo betri hununui tena? Uzi ufungwe?

#19 Randa Butu

Bado nafikiria. Kesho kutwa nina uzio wa mbao wa kurekebisha nje, mita kama 40 kutoka kwenye soketi. Na mbao zake ni hizo za 38.

#20 Kidole Tisa na Nusu

Kabla hujahamia betri nisome mimi. Jina langu si utani.

Hicho kidole nilikipoteza kwa msumeno wa mezani, si huu, tuliache. Ila wa betri nao ulikaribia kunimaliza. Ile swichi ya usalama ya kubonyeza kwa dole gumba kabla ya kuvuta kitufe, mimi ilinichosha, nikaifunga kwa utepe ikae imebonyezwa muda wote. Siku hiyo nautoa msumeno kwenye begi na betri iko ndani. Kidole kikagusa kitufe. Ukawaka ndani ya begi. Umekula begi, umekula mfuko wa suruali, umesimama kwenye simu. Simu hiyo ninayo mpaka leo, ina mfereji wa milimita 1.6 ulionyooka kuliko mistari yangu yote.

Msumeno wa waya ukiuchomoa umekufa. Unaona plagi iko chini, unajua. Wa betri uko hai muda wote, na hauna dalili. Kubadilisha bledi, kutoa mbao iliyonasa, kuweka begini: betri itoke kwanza. Sijali unabadilisha kwa sekunde ngapi.

Niutendee haki pia. Ya betri mingi, hasa isiyo na kaboni, ina breki ya umeme. Ukiachia kitufe bledi inasimama karibu papo hapo. Ya waya mingi haina, inaendelea kuzunguka sekunde kadhaa, na kama kava limekwama kwa chembe za mbao ukaushusha sakafuni, utauona unatembea wenyewe. Na bledi ikibanwa, wa betri mwingi unazima haraka kuliko unavyokurudia. Wa waya wenye nguvu hauzimi. Unakupiga teke.

#21 Dada Vumbi

Pole kaka. Na asante kwa ile ya kava.

Kuhusu teke niongeze: wengi wanaegesha mbao ncha mbili, moja huku moja kule, wanakata katikati. Bledi ikifika mwisho mbao inapinda chini katikati, njia ya msumeno inajifunga, bledi inabanwa. Kipande kinachokatika kiachwe huru kidondoke, au bodi nzima iegeshwe sehemu nne, mbili kila upande wa mstari. Haijalishi msumeno gani.

#22 Seli Kumi

Nyongeza ya mwisho kwa anayetaka betri, maana najua atakutana na hili dukani. Utaona betri zisizo za kampuni ya drili yako zimeandikwa Ah 9, Ah 12, umbo lilelile la Ah 5. Fanya hesabu. Seli za kawaida za ukubwa ule (18650) zilizo bora kabisa zinabeba kama Ah 3.5. Kasha linaloingia seli kumi, mbilimbili, haliwezi kuzidi Ah 7 hata ulibembeleze. Na seli za uwezo mkubwa kiasi hicho mara nyingi hazipendi kuvutwa ampea nyingi, kwa hiyo kwenye msumeno hata hiyo 7 usiitegemee. Nimefungua moja iliyoandikwa 12, nikakuta seli tano na kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Sikuamini, nikakipima: gramu 180 za uongo.

Usiziache kwenye gari juani, usizichaji zikiwa bado za moto kutoka kazini. Kama hutazitumia miezi, ziache nusu, si zimejaa wala si kavu.

#23 Randa Butu

MREJESHO WA PILI, na naona ndio wa mwisho.

Nimeununua wa betri. Mwili tu, bila betri wala chaja, 165, mota isiyo na kaboni, familia ya drili yangu. Sikununua betri kubwa. Nilijifanya mjanja, nikasema Seli Kumi anatisha watu, hizi mbili za Ah 2 zitatosha kwa uzio.

Kufupisha nguzo kulienda vizuri. Nilikata kumi na mbili bila hata kuangalia taa ya betri. Hakuna waya, nazunguka uzio mbele nyuma, msumeno naunyongesha kwa ndoano yake kwenye ubao wa juu. Nikaanza kuona kumbe nilikuwa nateseka. Kisha nikahitaji kupasua ubao mmoja kwa urefu, mita mbili na nusu. Nusu mita ya kwanza safi. Kwenye mita moja sauti ikashuka. Kidogo mbele ukazima, kimya, bledi imo ndani ya mbao. Nikasubiri, nikabonyeza, ukaenda shubiri moja, ukazima tena. Betri ukiigusa ni ya moto kama kikombe cha chai. Nimemalizia kwa msumeno wa mkono, maana ekstensheni yangu ya mita 30 haifiki.

Leo nina ya Ah 5. Ubao mwingine wa aina ileile umepasuka mwanzo mpaka mwisho, haukusimama. Unaingia kazi kweli, ingawa naona unapungua mwendo kidogo na ukingo una weusi wa mbali sehemu mbili tatu. Sijui betri hii nayo ni ndogo, nitafute ya Ah 8?

Wa waya nimeurudisha mezani na bomba la vumbi, siuzi.

#24 Kaboni Imeisha

Bledi iliyokuja na huo wa betri ina meno mangapi?

#25 Randa Butu

24. Inaonekana nene kidogo.

#26 Kaboni Imeisha

Na ya mezani ulinunua ya meno mangapi?

#27 Randa Butu

Nimeelewa. Naagiza kesho.

#28 Mzee wa Jiriwa

Ya kupasulia kwa urefu baki na meno 24, ila iwe nyembamba na mpya, milimita 1.6 au hapo karibu. Njia nyembamba maana yake mbao chache za kutafuna, betri inapumua. Ya 40 weka pembeni kwa ajili ya plaiwudi. Na kina, kijana. Umeweka kina gani?

#29 Randa Butu

…mpaka mwisho, mzee.